Bomba la Tatu

Kila saa kasoro dakika kumi nafungua mlango mkubwa
wa nyumba ya akina Halcott, Newport, juu ya miamba,
nami nasema yaliyoandikwa:
vyumba sitini na viwili, marumaru ya Siena,
dari iliyopakwa dhahabu na mafundi waliokuja kwa meli
wakarudi kwao na vikohozi.
Wenyewe walikaa humu wiki saba kwa mwaka.
Wiki zilizobaki nyumba ililala chini ya mashuka
kama maiti tajiri.

Wageni hutazama juu. Wote hutazama juu.
Mimi hutazama viatu vyao, wasikanyage zulia.

Jumanne ile, manyunyu, ukungu umemeza mnara wa taa,
likaja basi kutoka Fall River
na ndani yake bibi mmoja, Filomena Arruda,
miaka tisini na moja, koti la kijani, mkongojo,
na mjukuu wake Lidia aliyeshika tiketi mbili
kama mtu aliyeshika risiti ya deni.

Bibi alisimama mbele ya nguzo nane,
akatikisa kichwa.
"Siyo hii. Mmenileta nyumba nyingine."
Lidia akamwonyesha jina langoni.
Bibi akazunguka, polepole, akayapita maua ya haidrenjia,
akayapita mapipa ya taka na kiyoyozi kinachonguruma,
hata akafika penye mlango wa kijivu, ngazi tatu kwenda chini.
Hapo uso ukamfunguka.
"Hii ndiyo."

Aliingia humo ana miaka kumi na minne.
Upande wa mbele hakuuona hata siku moja.

Sheria hairuhusu. Nilikuwa na funguo.

Gizani mle akaniachia mkongojo
kama mtu anayevua kofia.
Mkono uliujua ukuta. Mguu ulizijua ngazi;
ya tisa akairuka. "Hii inasema," akanong'ona, "huamsha watu."
Nami niliyeipanda miaka sita bila kuisikia
nikaikanyaga makusudi.
Ikasema.

Waridi wa ukutani wakagawanyika, tukatokea bafuni,
mwenzangu Declan yumo katikati ya mahubiri:
"Tazameni beseni, jiwe moja! Tazameni mabomba manne!
Mawili ya maji matamu, mawili ya bahari yenyewe,
iliyovutwa kwa mashine toka ufukweni hadi hapa!"

Bibi akacheka, kicheko kikavu,
kama unga unaochekechwa.
"Mashine iliharibika wiki ya kwanza," akasema.
"Mashine ilikuwa mimi na Deolinda
na msichana wa Kiayalandi, jina limenitoka,
ndoo mbili mbili, saa kumi na moja alfajiri,
mpaka tangini, kule juu, chini ya paa.
Mama mwenye nyumba hakuambiwa.
Alilipenda mno hilo bomba la tatu.
Alisema bahari yake ni safi kuliko ya ufukweni."

Declan akaitazama karatasi yake.
Mtu mmoja akalipiga picha bomba.
Lidia hakusema neno; alimgusa bibi yake bega la kulia,
lile lililoshuka,
ambalo nyumbani, miaka yote, waliliita uzee.

Kuna kiti cha hariri pale, kimezungushiwa kamba nyekundu.
Kamba niliifungua mwenyewe.
Bibi akakaa dakika moja, akasema ni kigumu,
akauliza kama basi linangoja.

Sasa nikifika bafuni nasema kama kawaida:
jiwe moja, mabomba manne, mawili matamu.
Kisha mkono wangu unaligusa la tatu, nami nanyamaza,
nanyamaza kupita muda ninaoruhusiwa.
Juzi mtoto mwenye meno mawili tu ya mbele
akauliza, "Na ya bahari yalikujaje?"

"Kwa ngazi," nikamjibu.
"Njoo nikuonyeshe.
Ila ukifika ya tisa, ruka."